Mashindano ya Sanaa Runingani: Darasa Tunalolipuuza

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Aghalabu tunapoinukuu methali hii hukimbilia tuzo, tukasahau kwamba sharti mtu acheze kwanza, tena mbele ya macho ya watu. Baadhi yetu wanafasihi huiona runinga kuwa adui wa kitabu. Maoni yangu ni kinyume. Vipo vipindi vya mashindano ya ubunifu ambavyo mwanafunzi wa Kiswahili akivitazama ataburudika na, papo hapo, atajifunza uhakiki. Kipimo changu cha kuvichagua ni kimoja: je, hakimu hulazimika kutoa sababu za hukumu yake mbele ya msanii mwenyewe?

Nianze na The Great Pottery Throw Down cha Uingereza, kilichoanza mwaka wa 2015. Wafinyanzi wa ridhaa hupewa udongo, muda na kazi ya kufanya. Vyombo hufinyangwa, hukaushwa, kisha hutiwa jokoni. Hapo ndipo moyo wa mtazamaji hudunda, maana ufa mdogo uliojificha waweza kukipasua chombo kilichosifiwa jana. Hakimu Keith Brymer Jones anafahamika kwa kububujikwa na machozi aonapo kazi njema. Hata hivyo, haishii katika kulia. Hueleza umbo, uzito na mpini. Nduguye mkubwa, The Great British Bake Off, kilichoanza mwaka wa 2010, humtuza mshindi kinara cha kuwekea keki na shada la maua, wala si fedha. Bado washiriki hutetemeka kana kwamba wanagombea ufalme!

Kipindi kinachotuhusu zaidi sisi wapenzi wa ushairi ni Million's Poet cha Abu Dhabi, kilichozinduliwa mwaka wa 2006. Washairi hughani tungo za Kinabati, yaani ushairi wa lugha isemwayo na Waarabu wa Ghuba, ukumbini mbele ya hadhira. Jopo la wahakiki huchambua wizani, taswira na maudhui papo kwa papo, na alama zao hujumlishwa na kura za watazamaji. Mwaka wa 2010, Hissa Hilal, mwanamke kutoka Saudi Arabia, alighani shairi lililowakemea wahubiri watoao fatua za chuki. Alitishiwa maisha, asirudi nyuma, akashika nafasi ya tatu. Nani basi atathubutu kusema kuwa mashindano ya runinga ni upuuzi mtupu?

Hapa Afrika Mashariki tulikuwa na Tusker Project Fame, kilichoanza mwaka wa 2006 na kukoma mwaka wa 2013. Valerie Kimani wa Kenya ndiye aliyekuwa mshindi wa kwanza. Wanamuziki chipukizi waliishi pamoja, wakafunzwa na wakufunzi, kisha wakasimama mbele ya majaji.

Yamkini msomaji atapinga kwamba kura za simu humpa ushindi mwenye jamaa wengi badala ya mwenye kipaji. Pingamizi hilo lina mashiko. Lakini hata pale hadhira inapokosea, maelezo ya jaji yamekwisha kusikika, na mtazamaji makini ameyapima.

Na jambo hili si geni kwetu. Katika karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, na jamii nzima ikawa hakimu. Leo tungo zetu husomwa katika hafla za vyama, hupigiwa makofi, kisha basi. Hakuna asemaye kwamba kina kimelazimishwa au kwamba ubeti wa tatu umerudia wa pili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi tumewasifu wagema wetu mno.

Napendekeza, kwa hivyo, kwamba katika hafla ijayo ya chama kila mtunzi aghani shairi lake mbele ya jopo la wanafunzi wawili na mhadhiri mmoja, nao watoe hukumu yenye sababu hadharani, na mtunzi apewe nafasi ya kujibu. Shughuli hiyo haihitaji kamera wala mamilioni. Shime, wapenzi wa Kiswahili, tutazame vipindi hivi kisha tujaribu wenyewe.