Mparachichi wa Uani na Mbwa Wetu

Mama mmoja msomaji wetu anauliza kama aukate mparachichi ulio uani kwake. Jirani amemwambia kuwa mti huo ni sumu kwa mbwa, na watoto wake wanampenda mbwa wao kama ndugu. Mti wenyewe uliachwa na marehemu mama mkwe wake, nao huzaa hata majirani wakagawiwa. Tunamwomba kwanza aweke shoka chini.

Jirani hakusema uongo, ila hakumaliza maneno. Majani, magome, maganda na kokwa za parachichi vina sumu iitwayo pesini. Sumu hiyo huwadhuru zaidi wanyama wengine: mbuzi, ng'ombe, farasi, sungura, na ndege wa kufugwa kama kasuku. Mbuzi anayenyonyesha akila majani hayo, kiwele huvimba na maziwa hupungua. Akila mengi, moyo huharibika na anaweza kufa. Mbwa huistahimili sumu hiyo kuliko hao. Kwa hiyo mama, kama una mazoea ya kuwatupia mbuzi matawi uliyopunguza, hilo ndilo la kuacha leo.

Kwa mbwa, hatari kubwa ni kokwa. Ni ngumu, inateleza, na mbwa mlafi huimeza nzima. Huweza kumkaba kooni, au ikapita na kuziba utumbo. Mbwa wetu Simba alitapika siku mbili, akakataa hata mchuzi wa nyama. Sisi tukadhani ni minyoo, tukampa dawa ya minyoo! Siku ya tatu tulimkuta amelala chini ya mti, hawezi kuinua kichwa. Daktari wa mifugo alimpasua akatoa kokwa. Alipona, lakini fedha za sare za shule zilikwisha, na baba watoto alininunia wiki nzima, maana kokwa ile niliitupa mimi mwenyewe kwenye jalala la nyuma ya jiko.

Basi mbwa akitapika mara kwa mara, akakataa chakula, tumbo likamuuma au akajikamua bila kupata choo, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo. Msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi ni sumu kwake, na kokwa ikirudi huweza kumkwama kooni.

Nyama ya tunda, akionja kidogo, kwa kawaida haimdhuru. Lakini ina mafuta mengi, na akila nyingi anaweza kutapika, kuharisha, hata kuugua kongosho. Watoto waokote maparachichi yaliyoanguka kila asubuhi kabla mbwa hajafunguliwa. Kokwa za jikoni zitieni kwenye pipa lenye mfuniko, kwa sababu zikifukiwa kijuujuu mbwa atazifukua tu.

Wenye mimakadamia wawe macho zaidi. Huko sumu yenyewe imo katika kiini kile tunachokula sisi. Mbwa akikila, kwa kawaida ndani ya saa 12 hulegea miguu ya nyuma, hutetemeka, hutapika na kupata homa. Wengi hupata nafuu katika siku 2 hivi, lakini daktari aarifiwe mapema. Kama miti yote miwili iko shambani kwako, mfunge mbwa mbali na ule wa makadamia msimu wa kuanguka. Wa parachichi unatosha kufagiliwa.