Biashara ya mama haikui? Huenda ‘chuma ulete’ yuko ndani ya nyumba

Yupo karibu kila mtaa. Anaamka saa 10 alfajiri, anakanda unga, anawasha jiko, na jua linapochomoza ndoo ya maandazi tayari iko kichwani. Ikifika saa 4 asubuhi ndoo ni tupu. Majirani wakimwona wanasema, “Mama huyu biashara inamlipa.”

Lakini mwisho wa mwezi mama huyohuyo hana hela ya unga. Anakopa, anaanza upya, na mwezi unaofuata mambo ni yaleyale. Hapo ndipo minong’ono huanza: kuna mtu anamfanyia chuma ulete. Wapo watakaomwelekeza kwa mganga, ambaye naye atataka chake.

Kabla ya kufika kwa mganga, kuna mlango mwingine wa kubisha hodi: chuo cha maendeleo ya wananchi kilicho karibu naye.

Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975, enzi za Mwalimu Julius Nyerere, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi. Vipo zaidi ya 50 Tanzania Bara, vikiwamo vya Kisarawe, Ifakara, Sengerema na Newala. Wengi wanavijua kwa ushonaji, useremala, uashi, umeme na kilimo. Wasichokijua ni kwamba humo hufundishwa pia ujasiriamali wa kuanzia, na aliyeishia darasa la saba ana nafasi yake.

Somo la kwanza ni daftari

Darasa la ujasiriamali haliitaji maneno makubwa. Linaanza na maswali mawili tu: jana ulitumia shilingi ngapi, na ulipata shilingi ngapi?

Chukua mfano wa mama wa maandazi. Kwa siku anatumia unga wa Sh10,000, mafuta ya Sh5,500, sukari ya Sh3,000, hamira na hiliki za Sh1,000 na mkaa wa Sh2,500. Jumla Sh22,000. Anapata maandazi 150, na kila moja anauza Sh200. Akiuza yote anapata Sh30,000. Faida ni Sh8,000. Mpaka hapo majirani wako sahihi.

Sasa daftari linaendelea kuuliza. Watoto wamekula maandazi 10 kabla ya kwenda shule. Hiyo ni Sh2,000. Maandazi 15 yamekwenda kwa wateja wa “nitakupa kesho”, na kesho yao haifiki. Hiyo ni Sh3,000. Mkononi zimebaki Sh25,000. Akitoa Sh22,000 za kununulia vitu vya kesho, anabaki na Sh3,000.

Jioni anapita mtu wa mkopo wa kausha damu kuchukua rejesho la Sh4,000.

Kwa hiyo kila siku Sh1,000 inatoka kwenye mtaji wenyewe, na hapo hajanunua hata fungu la mchicha. Baada ya siku 22, mtaji wote wa Sh22,000 umekwisha. Chuma ulete amepatikana, na hana hirizi. Ni hesabu ambayo haikuwahi kuandikwa.

Mama naye alipwe

Somo hili halisemi watoto wasile maandazi. Wale, lakini yaandikwe. Halisemi jirani asikopeshwe kamwe. Akopeshwe kwa kiwango, na jina lake liwe kwenye daftari.

Jambo ambalo akina mama wengi hulisahau ni kujilipa. Mama anachota kwenye pochi ileile hela ya mboga, ya daftari la mtoto na ya mchango wa msiba, halafu anashangaa faida imekwenda wapi. Darasani anafundishwa kutenganisha: pesa ya biashara ikae peke yake, ya nyumbani ikae peke yake, na mama awe na posho yake ya siku.

Mama wa mfano wetu akimaliza ule mkopo na kuacha kukopesha ovyo, atabaki na Sh6,000 kwa siku hata baada ya watoto kula. Anaweza kujilipa Sh4,000, kuongeza Sh1,000 kwenye mtaji na kuweka Sh1,000 ya dharura.

Sh1,000 ya dharura na homa ya mtoto

Hiyo ya mwisho inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayogusa afya ya familia moja kwa moja. Mtoto akichemka usiku na nyumbani hakuna hela isipokuwa ya unga, mara nyingi kinachofuata ni panadol ya dukani na kusubiri mauzo ya kesho.

Homa haisubiri mauzo. Mtoto mdogo mwenye malaria anaweza kuzidiwa kwa muda mfupi, ndiyo maana wazazi huhimizwa kumpeleka akapimwe ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Sera ya afya inataka mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo katika vituo vya umma, lakini nauli ya bodaboda usiku, na dawa ambayo haipo kituoni, hutoka mfukoni mwa mzazi.

Mama anayeuza siku 26 kwa mwezi na kuweka Sh1,000 kila siku atakuwa na Sh26,000. Mtoto akiugua, atatibiwa bila mtaji kuguswa, na asubuhi jiko litawaka kama kawaida.

Baba ana sehemu yake

Kozi haisomwi na mama peke yake hata kama anayekwenda darasani ni yeye. Lazima awepo wa kubaki na watoto, wa kuchota maji na wa kuhakikisha chakula kimepikwa. Baba akisema “nenda, nitawaangalia”, nusu ya ada imeshalipwa. Kwa wenye watoto wachanga, baadhi ya vyuo hivi vina sehemu ya kulelea watoto wakati mama akisoma. Ni vizuri kuuliza mapema, pamoja na ada, muda wa kozi na saa za vipindi.

Pia baba aliyezoea kusema “nipe elfu tano hapo kwenye ndoo” ajue kwamba kuanzia sasa itaandikwa, kama ya mteja mwingine.

Hesabu kwanza, mkopo baadaye

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni nafuu kubwa ukilinganisha na kausha damu. Hata hivyo, mkopo kwa mtu asiyejua faida yake ya siku ni maji kwenye ndoo iliyotoboka. Aliyejifunza hesabu anajua akope kiasi gani, na rejesho litatoka wapi.

Kwa mama ambaye chuo kiko mbali, au kozi itaanza baada ya miezi kadhaa, daftari la kurasa 40 linaweza kuanza leo. Kama kuandika kunamsumbua, mtoto wa darasa la nne amsaidie kila jioni: vilivyonunuliwa upande mmoja, vilivyouzwa upande wa pili. Mama atajua hela yake inakwenda wapi, na mtoto atajua sare yake ya shule imetoka kwenye maandazi mangapi.