Mbaruk Yupi?

Mwaka 1895 watu wawili walioitwa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui walipigana vita vimoja, upande mmoja. Si baba na mwana, wala si mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili na karani asiyejua mambo ya pwani. Ni watu wawili wa ukoo mmoja na matawi mawili. Mmoja ni wa Gazi, hapa kwetu kusini. Mwingine ni wa Takaungu, huko Kilifi. Wa Gazi alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuwasumbua masultani wa Unguja kwa miaka mingi. Wa Takaungu alikuwa mdogo wake kwa umri, na alichokidai ni kiti kilichowahi kuwa cha baba yake. Katika mazungumzo ya barazani, kuanzia Msambweni hadi Vanga, wawili hawa wamekuwa mmoja: Mbaruk, basi. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya watu walioshirikiana jina, na hoja yetu ni kwamba historia ya pwani haiandikiki mpaka wajina watenganishwe.

Tuanze na nasaba. Wamazrui waliitawala Mombasa kwa takriban karne nzima, mpaka mwaka 1837 Sayyid Said wa Omani na Unguja alipowatia mkononi. Gavana wao wa mwisho, Rashid bin Salim, alipakiwa jahazini pamoja na wakubwa wenziwe na hakurudi tena. Waliosalia walitawanyika, wengine wakashika njia ya kaskazini hadi Takaungu, wengine wakaja kusini hadi Gazi. Mbaruk wa Gazi ni mwana wa huyo Rashid bin Salim. Kule Takaungu alitawala Rashid bin Khamis, kisha nduguye, Salim bin Khamis. Salim alipofariki Februari 1895, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiusimamia ukanda huu ilimweka kitini mwanawe, aliyeitwa Rashid bin Salim, jina lilelile la gavana wa mwaka 1837. Mbaruk wa Takaungu, mwana wa Rashid bin Khamis, alikataa. Kwa desturi ya ukoo, mkubwa ndiye mwenye haki, na mkubwa alikuwa yeye.

Kwa hiyo Mbaruk bin Rashid alimpinga Rashid bin Salim, akapata hifadhi kwa Mbaruk bin Rashid, ambaye baba yake ni Rashid bin Salim. Msomaji ambaye hakuchanganyikiwa hapo, hajasoma vizuri.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Tarehe 1 Julai 1895 kampuni iliondoka, na serikali ya Uingereza ikaishika nchi yenyewe chini ya Arthur Hardinge. Mbaruk wa Takaungu na nduguye Aziz walikuwa wamekwisha kukimbia. Walipokewa na watu wa Gazi, na mwenyeji wao akatakiwa awatoe. Badala yake alipanda Mwele, ngome yake ya bara nyuma ya vilima vya Shimba. Agosti ya mwaka huo Admirali Rawson aliiteka ngome hiyo, lakini vita havikwisha. Khamis bin Kombo wa Mtwapa aliingia upande wa waasi, Wadigo wengi nao wakafuata, na Waingereza hawakupata nguvu mpaka walipoleta askari kutoka India mwaka 1896. Aprili mwaka huo Mbaruk wa Gazi na watu wake walivuka kuingia nchi ya Wajerumani, ng'ambo ya mpaka huu ambao kutoka hapa kwetu Majoreni si mbali. Alijisalimisha kwa Gavana Hermann von Wissmann, akapewa makao Dar es Salaam, na huko ndiko alikofia mwaka 1910.

Sasa tazama kinachopotea tunaposema tu "vita vya Mbaruk". Kwanza, unapotea mwanzo wa vita wenyewe. Ukibaki na Mbaruk mmoja, wa Gazi, unapata hadithi ya mtu mkorofi aliyezoea kuasi, akaasi tena. Ukiwa na wawili, swali linageuka: ni nani aliyeipa kampuni ya biashara haki ya kuwachagulia watu mrithi? Kwa mtawala mgeni, hadithi ya kwanza ni nafuu zaidi kuisimulia, maana haimtaki ajieleze. Pili, linapotea suala la mgeni. Mzee wa Gazi hakuanzisha ugomvi wa Takaungu. Ulimfikia mlangoni, ukiwa umevaa jina lake mwenyewe, akaamua kutoufungia mlango.

Nasi pia tumenufaika na kuwafanya wawili wawe mmoja. Tulipotaka shujaa wa pwani aliyepinga ukoloni, Mbaruk mmoja mkubwa alitufaa kuliko wawili wenye mambo yao. Mbaruk wa Gazi alikuwa na mambo yake. Mwaka 1882 vita vyake na Sultani vilifika Vanga, na watu wa upande huu hawakuwa na sababu ya kumshangilia. Mwaka 1886 aliipandisha bendera ya Ujerumani Gazi, kwa muda. Baadaye alipokea posho ya kampuni ileile ya Kiingereza. Mashamba yake na jeshi lake vilitegemea jasho la watumwa. Nyumba yake ya Gazi ilikuja kugeuzwa shule ya msingi, na mtoto anayesoma pale ana haki ya kuyajua yote hayo pamoja, pamoja na habari za Mbaruk wa pili, ambaye bila yeye wa kwanza pengine angefia Gazi.

Tatizo hili si letu peke yetu. Wacheki wana Václav kama sisi tulivyo na Mbaruk, Juma na Khamisi. Mtakatifu Václav, mtawala wa Bohemia, aliuawa katika karne ya 10 kwa njama ya nduguye Boleslav, na siku yake, 28 Septemba, ni sikukuu ya taifa mpaka leo. Wakaja wafalme wanne wa jina hilo, kuanzia Václav wa Kwanza hadi wa Nne. Uwanja mkubwa wa mji wa Prague unaitwa kwa jina la mtakatifu. Hapo ndipo umati ulipojaa Novemba 1989 utawala wa Kikomunisti ulipokuwa ukianguka, na mwandishi wa tamthilia, Václav Havel, akauhutubia kutoka juu ghorofani. Havel akawa rais. Mwaka 2003 alipoondoka, kiti kilishikwa na Václav Klaus, mtu ambaye siasa zake na za Havel hazikupatana hata kidogo. Hakuna Mcheki atakayesema "Rais Václav" akatumaini kueleweka.

Ulaya waliwahesabu wafalme wao, nasi tukawataja baba. Nambari inakwambia nani alitangulia, na "bin" inakwambia mtu katoka kwa nani. Kila njia ina mahali inapokomea. Katika vita vya 1895 "bin" ilifika ukingoni, kwa kuwa jina lilikuwa moja, la baba lilikuwa moja, na la ukoo lilikuwa moja. Kilichobaki cha kuwatofautisha ni babu na mji. Bila Salim na Khamis, bila Gazi na Takaungu, hakuna kisa cha kusimulia.

Chanzo cha wajina hawa ni desturi tunayoipenda: jina la babu humrudia mjukuu. Ukoo huohuo wa Mazrui unaonyesha. Sheikh Ali bin Abdallah alimzaa Sheikh Al-Amin bin Ali mwaka 1891. Huyu ndiye aliyetoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akaandika kwa Kiarabu historia ya Wamazrui wa Mombasa, kisha akafariki mwaka 1947. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1933, akaitwa Ali, jina la babu. Huyo ni Profesa Ali Al'amin Mazrui, ambaye dunia ilimjua kwa vitabu vyake na kwa filamu zake za televisheni za mwaka 1986 kuhusu Afrika. Kisha yuko Alamin Mazrui mwanaisimu, mshairi wa Chembe cha Moyo na mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, aliyetiwa kizuizini mwaka 1982. Ali na Alamin waliandika vitabu pamoja, majina yao yakiwa juu ya jalada moja. Mwanafunzi anayeandika "Mazrui anasema" bila kuongeza neno, amewatupia mzigo mmoja watu watatu waliosema mambo tofauti kabisa.

Jina la Mbaruk nalo liliendelea kutembea. Mwaka ule Mbaruk wa Gazi alipovuka mpaka, 1896, ndio mwaka aliozaliwa Mbarak Ali Hinawy, aliyekuja kuwa Liwali wa Mombasa na kisha wa Pwani nzima. Wa kwanza aliipiga vita serikali ya Kiingereza, na wa pili aliitumikia hadi akapewa cheo cha Sir. Hinawy alikusanya miswada ya Kiswahili ambayo pengine ingeliwa na mchwa, na mwaka 1950 kikatoka kitabu chake juu ya Al-Akida na Ngome ya Mombasa. Mbali na pwani, huko Nandi, yuko Mbarak Hussein, mkimbiaji aliyeshinda marathoni ya Honolulu mwaka 1998, 2001 na 2002, ndugu wa Ibrahim Hussein aliyetangulia kushinda New York na Boston. Wote hawa ni Mbaruk kwa tahajia yoyote, na hakuna kitu kimoja unachoweza kusema juu yao wote.

Upo pia upande wa pili: mtu mmoja, majina mawili. Hapa Majoreni, penye wasemaji wa Kivumba, mfano haupo mbali. Sayyid Abubakar wa Ba Alawi alipotawazwa kuwa mtawala wa Vumba, mnamo mwaka 1700, alichukua jina la Diwani Ruga. Anayesoma orodha ya masharifu kisha akasoma orodha ya madiwani anaweza kuhesabu watu wawili pale alipo mmoja. Siku zetu hizi Richard Yatich, Mkenya, aliichagua Qatar, akawa Mubarak Hassan Shami, na kwa jina hilo akapata medali ya fedha ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Osaka mwaka 2007.

Kuna atakayesema hizi ni hesabu za wasomi. Ajaribu kumwambia hivyo mtu wa pwani mwenye kesi ya shamba. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwawekea Wamazrui wa Takaungu ardhi yao chini ya wadhamini, na sheria hiyo ilidumu hadi ilipofutwa mwaka 1989. Ni Wamazrui wa Takaungu, si wa Gazi. Waliovuka mpaka na mzee wao mwaka 1896 waliacha nyuma ardhi isiyokuwa na mdhamini. Tawi gani, mtoto wa nani, mkazi wa wapi: majibu hayo ndiyo yaliyoamua nani ana shamba na nani ni mpangaji. Leo pia, mtu aliyeandikwa Mbaruku katika kitambulisho, Mbarak katika cheti cha kuzaliwa na Mubarak katika hatimiliki ya babu, atazunguka kutoka kwa chifu hadi kwa wakili akila kiapo kwamba yeye ni yeye.

Tena, Kwale ina somo ambalo mnyororo wa "bin" hauwezi kulifundisha. Kwa Wadigo wa zamani, mali na ardhi vilifuata fuko, upande wa mama, vikitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Sheria ya Kiislamu ilipoenea, urithi wa baba na urithi wa mjomba vilikutana barazani na mahakamani, na ugomvi mwingi wa mashamba ulitoka hapo. Mtu aliyeandikwa kwa jina la baba na babu tu, nusu ya habari zake imeachwa nje, na pengine ndiyo nusu iliyomlisha. Waliosalia kwenye maandishi ya 1895 ni wanaume wana wa wanaume. Mama zao, ambao bila shaka walijua vizuri nani ni nani, hawakuandikwa.

Ndiyo maana makala za toleo hili zimepangwa kwa majina, wala si kwa miaka. Zinaanza na Mbaruk wawili, zinapita kwa Al-Amin na Ali, zinafika kwa madiwani wa Vumba, na zinamalizikia kwenye fuko za Wadigo. Kuanzia sasa, jarida hili litakuwa na kanuni moja isiyojadiliwa: kila mtu atakayetajwa kwa mara ya kwanza katika makala ya historia ataandikwa jina lake, la baba, la babu likijulikana, mji wake na mwaka wake. Fuko la mama litatajwa kila linapokuwa na uzito. Habari iliyotoka mdomoni mwa mzee itasema ni mzee wa mji gani, na aliipokea kwa nani.

Tunajua kanuni hii inapunguza utamu. Kisa cha shujaa mmoja husimulika upesi, na cha wajina wawili humlazimu msomaji kurudi nyuma aya moja au mbili. Aridhie kurudi. Mwenye habari za waliovuka mwaka 1896, wa upande huu au wa upande wa Tanga, azilete zikiwa na majina kamili. Makala itakayokuja na jina moja tupu itarudishwa kwa mwandishi, hata ikiwa tamu vipi.