Msitu Haupandwi

Kila masika yakianza, kauli ile inarudi majukwaani: kata mti, panda mti. Siku hizi imeongezewa mkia, kwamba hakuna haja ya kulilia msitu wa asili ilhali vitalu vimejaa miche. Inaudhi kwa sababu inasikika kama busara, na watu wazima na akili zao wanaipigia makofi. Kwenye shamba la misindano kauli hiyo ni sahihi. Sao Hill, kule Mufindi, miti hupandwa, huvunwa na kupandwa tena, na hicho ni kilimo halali. Kuihamishia kwenye Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, ni kupotosha watu.

Milima hiyo hunyweshwa na mawingu ya Bahari ya Hindi, na wataalamu wanakadiria kuwa misitu yake imedumu mamilioni ya miaka, hata ukame ulipoifuta misitu mingine ya bara hili. Kwa muda wote huo kila mlima umelea viumbe vyake. Chukua Saintpaulia, ua ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, na ambalo leo linauzwa kwenye vyungu Ulaya nzima. Kwao Usambara, katika milima hiyo, hushika kwenye nyufa za miamba, majani yake yenye vinyweleo yakilalia jiwe bichi lenye kuvumwani. Ukiangusha mti mkubwa ulio juu yake, jua hulifikia jiwe na mmea hukauka. Mche uliopandwa kando ya kisiki utahitaji miongo kadhaa kurudisha kivuli kile, na ua halina miongo ya kusubiri. Tena mwaka 2025 wanasayansi walitangaza mti mpya kutoka Udzungwa, Tessmannia princeps, unaoweza kufika mita 40. Baadhi ya miti hiyo inakadiriwa kuwa na umri wa hadi miaka 3,000. Kama jitu la namna hiyo lilikuwa bado halijaingia vitabuni, vingapi vidogo vimejificha chini yake? Hakuna awezaye kulipa deni asilolijua.

Wapo wanaojibu kwamba mti ni mti, hewa ni ile ile. Hao waende Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902. Huko uliletwa Maesopsis, mti wa misitu ya magharibi, na baadaye ukapandwa kwa wingi zaidi. Hondohondo wakala matunda yake, wakatawanya mbegu, nao ukajaza kila uwazi ulioachwa na wakataji. Ni mti, una majani, unatoa hewa, na umekalia nafasi ya miti ambayo haipo kwingine duniani. Kwa hesabu ya miche, huo ni ushindi. Na hiyo miche inayopandwa mbele ya kamera, Julai ikifika ni nani anayerudi kuimwagilia?

Tanga inakunywa maji ya Mto Zigi, unaoteremka kutoka misitu hiyo hiyo ya Usambara Mashariki. Kwa hiyo anayeomba kibali cha kukata msitu wa asili asiruhusiwe kuandika miche kwenye safu ya malipo. Aandike hasara, kwa ukubwa wake wote, kisha tuone ni nani atakayetia saini.