Paka wa Kamembe na mvua za masika

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipate kuwashtakia wenzangu wa Kamembe dhuluma wafanyiwayo paka wasio na wenyewe, ambao mwaka mzima hutulindia maghala yetu na panya, ilhali mvua kubwa za Machi zikikaribia, nao wakaja kutafuta hifadhi vibarazani mwetu, hufukuzwa kwa mawe na aghalabu hutegewa sumu.

Juzi paka wa kijivu alizaa nyuma ya jiko letu, ndani ya kreti kuukuu ya soda. Mke wangu akaitandika gunia, akaiinua juu ya matofali ili maji yasiifikie, na kila jioni akamwekea vichwa vya samaki wadogo, sambaza. Jirani mmoja akatupa uani samaki waliotiwa sumu ya panya, na asubuhi tukamkuta mama amekauka, wanawe wangali wakimnyonya. Na lau mtoto angaliiokota sumu ile? Nasi Waislamu, ambao twajua ya kwamba Abu Huraira, sahaba wa Mtume, alipata lakabu yake kwa kumpenda mtoto wa paka, twanyamazaje?

Nawasihi wakuu wa sekta wakataze sumu kutupwa nje ovyo, na daktari wa mifugo atutangazie siku ya kuwahasi paka hawa na kuwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa. Je, wasomaji wenzangu wa Gihundwe na Nkanka, kwenu mwafanyaje?

Wasalaam,
Msomaji wako,
Kamembe, Rusizi