Acheni Kupaka Masizi Ndani ya Magari

Jamani, huu ugonjwa wa kugeuza ndani ya gari kuwa nyeusi tii umetoka wapi? Kila mshikaji akitoa mkoko bandarini, hata vibao vya namba havijakaza vizuri, tayari anaulizia fundi. Siti za kijivu zinafunikwa ngozi bandia nyeusi yenye uzi mwekundu. Dashibodi inapulizwa rangi ya kopo. Paneli za milango nazo hazipati msamaha. Waliozidiwa wanageukia mpaka dari! Halafu tunaletewa picha, tuseme "mchuma umetulia".

Mimi haujatulia kwangu. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, ndani kijivu, upande wa dirisha la dereva imefifia kidogo. Washikaji wa dawati la michezo wanasema ndani panafanana na ofisi ya mhasibu wa wilaya. Sawa tu. Sibadili, na leo naomba nieleze kwa nini, maana naona watu wazima, wasomi, wanatoa mshiko wa maana kununua hasara.

Tuanze na kitambaa. Siti nyingi za Kijapani za miaka ile zimevalishwa poliesta yenye manyoya mafupi. Poliesta si pamba, ndugu yangu. Huwezi kuitia rangi kama akina mama wanavyotia rangi batiki uani. Kiwandani poliesta hutiwa rangi za aina yake kwenye joto la nyuzi 130 hivi, ndani ya mtambo wenye presha. Sasa fundi wa chini ya mwembe, mwenye kompresa na kopo, hizo nyuzi 130 atazipata wapi bila kuunguza siti? Hazipati. Anachofanya ni kuilaza rangi juu ya nyuzi, ikauke hapo. Siku ya kwanza inapendeza kweli. Baadaye siti inakakamaa kama ngozi ya ngoma, na siku ya jua kali ukitoka jasho, shati lako jeupe linabaki na ramani mgongoni.

Plastiki ndiyo vichekesho zaidi. Watu wanadhani plastiki ni plastiki. Ng'oa kipande kimoja cha ndani ya gari, kigeuze, mara nyingi utakuta kimechapwa herufi nyuma: >PP<, >ABS<, na kadhalika. Hiyo ni lugha ya kimataifa ya kutambulisha aina ya plastiki. ABS inashika rangi vizuri. PP, yaani polipropilini, haipendi kushikwa na kitu. Usipoitanguliza dawa maalumu ya kushikisha, rangi itabanduka kwa kucha tu. Na juu ya hapo kuna ile mafuta ya kung'arisha dashibodi ambayo vijana wa kuosha magari wanaipaka kila Jumamosi. Nyingi zina silikoni. Rangi ikikutana na silikoni inakimbia, inaacha vidoa kama macho ya samaki. Nimeuliza mafundi watatu kama huwa wanageuza vipande kuangalia hizo herufi kabla ya kupuliza. Wawili walicheka. Wa tatu akaniuliza, "Braza, unataka gari au unataka mtihani?"

Hapo ndipo ninapojibiwa: gari langu, pesa yangu, wewe yanakuhusu nini?

Yananihusu, kwa sababu nakupandia lifti. Na mdogo wako anakupandia, na mama yako. Volvo walianza katikati ya miaka ya 1990 kuweka eabegi za pembeni, zile zinazokaa ndani ya siti, ubavuni, na baada ya hapo wengine wakafuata. Angalia ubavu wa siti yako: kama kuna kilebo kimeandikwa SRS AIRBAG, humo ndani kuna mfuko unaosubiri siku mbaya. Mfuko huo hufumuka kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na njia yake ya kutokea kwenye siti za namna hiyo ni mshono ulioshonwa makusudi kwa uzi unaokatika kirahisi. Sasa wewe umeenda kwa fundi akakuvalisha ngozi bandia nene, akapiga uzi wa kushonea turubai, mshono mara mbili, na ukamwongeza na ya soda kwa kazi nzuri. Umeuziba mlango wa kutokea! Dashibodi ya upande wa abiria ni hivyo hivyo: kifuniko kile kimetengenezwa kipasuke au kifunguke kwa mpangilio, si kigandishwe kwa gundi na reksini. Mimi binafsi sijawahi kusimamishwa na trafiki akaniuliza habari ya mshono wa siti. Anauliza leseni, bima na kizima moto. Kwa hiyo usitegemee kuna mtu atakukagulia.

Joto nalo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walipima magari yaliyoegeshwa juani kwa saa moja wakati wa kiangazi. Dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69, usukani 53, siti 51. Hawakuwa wanalinganisha rangi, lakini kila aliyesoma fizikia ya sekondari anajua nyeusi inafyonza joto kuliko rangi nyepesi. Wajapani walikupa kijivu na maziwa, wewe mkaa wa Dar es Salaam, Februari, kwenye foleni, eyasii imekufa, unalipia kukalia jiko.

Nitakuwa muungwana kwa jambo moja: juu ya dashibodi, pale chini ya kioo cha mbele, rangi iliyokolea ina sababu. Nyeupe inaakisi kwenye kioo na kumsumbua dereva. Lakini iwe iliyofifia, isiyong'aa. Sasa mkishapaka nyeusi, mnaipiga mafuta mpaka inameremeta kama kiatu cha mwanajeshi, na mwanga unarudi kiooni palepale.

Kinachoniudhi kuliko vyote, hata hivyo, ni wauzaji. Wakenya wameweka ukomo wa miaka 8 kwa magari ya mitumba yanayoingia kwao. Sisi tunawakaribisha wazee, tunawatoza ushuru wa uchakavu, maisha yanaendelea. Sina ugomvi na wazee, mimi mwenyewe naendesha mmoja. Ila siti ya dereva iliyolika ubavuni, usukani uliong'aa kwa viganja, zulia lililotoboka chini ya kisigino, hivyo ndivyo vyeti vya gari mtumba. Vinakuambia ukweli ambao kisoma kilomita kinaweza kudanganywa kisiseme. Mtu akikuvalishia kila kitu kipya cheusi kabla ya kukuuzia, amechoma hivyo vyeti. Tena jiji hili linajua mafuriko. Zulia jipya na manukato makali kwenye gari la miaka zaidi ya 20? Inua zulia, ingiza vidole kwenye sponji ya chini, nusa. Kwa Toyota kuna na njia nyingine: kwenye kibati cha utambulisho wa gari, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, tafuta palipoandikwa COLOR na TRIM. Hiyo ya pili ndiyo namba ya mapambo ya ndani kama lilivyotoka kiwandani. Inakuonyesha kama ndani palizaliwa hivyo au pamevishwa baadaye. Mwenye duka la vipuri mwenye katalogi anaweza kukusomea.

Kwa hiyo tukae na uchafu? Nani kasema! Siti ya mbele ya Corolla inashikwa na boliti nne, spana namba 14. Kama kuna waya chini yake, toa betri kwanza, subiri dakika kadhaa, ndipo uchomoe. Maji kidogo, sabuni ya unga, brashi laini, jua la asubuhi. Kitambaa kikiwa kimechanika, tafuta kitambaa chenye rangi ya karibu, ubadilishe kile kipande tu, na umwambie fundi asiguse mshono wa eabegi. Mimi nilifanya za mbele mwezi uliopita, maji yaliyotoka yalikuwa kama chai ya rangi. Jumamosi hii zamu ya siti ya nyuma. Wa dawati la michezo mnaotaka kujionea mhasibu wa wilaya akioga, njooni na ndoo zenu.