Paneli za Sola za Kujiundia: Faida i Wapi?

Katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Kayole na Dandora, kuna swali linalostahili kujibiwa kwa makini: je, yafaa mtu ajiundie paneli ya sola badala ya kuinunua dukani? Swali hili linamhusu mzazi anayehesabu shilingi za tokeni, mwanafunzi anayedurusu gizani, na kijana aliyehitimu ufundi akakosa kazi. Usiku wa Agosti 25, 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima, wengi walitambua kwamba kuunganishiwa umeme na kuwa na umeme ni mambo mawili tofauti.

Wazo lenyewe lina mvuto, hasa kwetu. Jina jua kali lilitokana na mafundi waliofua mabati na kuunda majiko katika maeneo kama Kamukunji, pasi na kivuli juu ya vichwa vyao. Serikali ilipochapisha waraka rasmi kuhusu sekta hiyo mwaka 1992, jina hilo la mtaani lilikuwa limekwisha kuingia katika lugha ya Bunge. Si ajabu basi kwamba tunadhani fundi anayelifahamu jua kiasi hicho hashindwi kuligeuza kuwa umeme.

Hata hivyo, yafaa kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kitenzi kutengeneza katika Kiswahili hubeba maana mbili: kuunda kitu kipya na kukirekebisha kilichoharibika. Anayesema ametengeneza paneli nyumbani, kwa hakika ameunganisha seli zilizoundwa kwingine. Seli hizo hutokana na silikoni, ambayo haiyeyuki mpaka joto lizidi nyuzi 1,400. Hata kiwanda kilichofunguliwa Naivasha mwaka 2011 kilikuwa cha kuunganisha paneli kwa seli kutoka ng'ambo. Kwa hivyo, dai kwamba tunakwepa bidhaa za kigeni kwa kujiundia paneli halina msingi.

Tuitazame kazi yenyewe. Seli moja hutoa takribani nusu volti. Ili kuchaji betri ya volti 12, hulazimu seli 36 zipangwe mfululizo zitoe volti 18 hivi. Kila seli ina unene wa takribani sehemu moja kwa tano ya milimita. Ukiigandamiza kidogo wakati wa kulehemu, inapasuka. Tena kwa kuwa zimepangwa mfululizo, seli moja dhaifu huubana mkondo wa zote, nayo huweza kupata joto la kuunguza. Kiwandani, seli hufungwa kwa plastiki maalumu nyuma ya kioo kigumu, hewa ikaondolewa ili unyevu usipenye. Fundi wa nyumbani hutumia kioo cha dirisha na gundi. Masika yakishapita, maji huwa yameingia na viungo vimeanza kushika kutu.

Zamani hasara hiyo ingevumilika. Mwaka 1977 seli za kutoa wati moja ziligharimu zaidi ya dola 70 za Marekani. Leo paneli nzima huuzwa viwandani kwa chini ya nusu dola kwa kila wati, na aghalabu huwa na dhamana ya miaka 25. Anayenunua seli rejareja, kioo, fremu na nyaya atatumia fedha zinazokaribia bei ya paneli kamili, naye hatakuwa na dhamana yoyote.

Kuna pia hatari. Katika fleti zilizosongamana, paa ni la mwenye nyumba na nyaya hupita milangoni pa majirani. Fremu ya mbao na kiungo kilicholegea vyaweza kuwasha moto usiochagua wa kuunguza. Kanuni za mwaka 2012 zilizoagiza mafundi wa sola wawe na leseni hazikuwekwa ili kuwaonea vijana. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.

Je, basi, tuutupilie mbali ujuzi huu? La, hasha. Historia ya sola nchini inahusiana sana na shule. Mwaka 1984, katika shule ya harambee ya Karamugi, Meru, mwalimu Mmarekani Mark Hankins alishirikiana na mhandisi Harold Burris kuleta taa za sola, na walimu wa mashambani wakawa miongoni mwa wateja wa mwanzo wa biashara iliyofuata. Huko Kibera nako, vijana wa Kibera Community Youth Programme waliwahi kuunganisha vipaneli vidogo vya kuendeshea redio. Kwa kiwango hicho kidogo, kosa la mwanagenzi halichomi nyumba.

Faida kubwa zaidi ni ya maarifa. Vipimo vilivyofanywa mwaka 1999 vilionyesha kwamba baadhi ya aina za paneli zilizouzwa nchini zilitoa nguvu pungufu mno kuliko ilivyoandikwa nyuma yake. Mnunuzi hawezi kuuona upungufu huo kwa macho. Lakini mwanafunzi aliyewahi kulehemu seli nne, akapima volti na mkondo wake juani na kivulini, hatadanganywa kwa urahisi katika maduka ya Luthuli Avenue. Ataiomba mita kabla ya kutoa pesa, na atawafaa wazazi wake.

Kwa hivyo jibu letu ni hili. Kwa matumizi ya nyumbani, kujiundia paneli hakulipi. Heri kununua ndogo iliyo bora na kuongeza nyingine baadaye. Kwa darasa la fizikia au la ufundi, kunalipa sana, mradi mwalimu awepo na kazi iwe ndogo. Shule za Eastlands zinunue seli chache na mita moja kabla ya kununua bango jingine la ukutani. Nao mafundi wetu wapewe mafunzo na leseni kwa ada nafuu, waunde vishikizo na masanduku ya betri, wafunge mitambo na kuirekebisha. Hiyo ndiyo maana ya pili ya kutengeneza, nayo ndiyo yenye ajira tele.